Tandiko Juu ya Mzinga wa Guka

Juzi, siku ya soko pale Gakindu, nilinunua sega la asali kwa mama mmoja anayeuza kwenye ndoo, nikalitafuna nikiwa nimesimama papo hapo kama mtoto. Nilipotema nta kwenye kiganja, nikasikia harufu ya farasi. Sikusikia asali, sikusikia maua. Nilisikia farasi. Yule mama akaniona nikinusa kiganja changu mara mbili, mara tatu, akafikiri nimepata kitu kibaya ndani ya sega lake. Nikamwambia, "Hapana, asali yako ni safi. Ni baba yangu nimemsikia." Akanihesabia chenji. Siku hizi mzee akisema kitu kama hicho watu wanamrudishia tu chenji haraka.

Wacha nieleze, na mnivumilie, kwa sababu shule niliingia miaka mitatu pekee, na ile njia ya kuanza jambo mwanzoni na kulimaliza mwishoni sikufika darasa linalofundishwa.

Baba alikuwa saisi, yaani mtu wa kutunza farasi, kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Mweiga. Sisi tulikaa huku kwetu chini, kwenye kahawa na ndizi, na baba alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na harufu. Mimi farasi sikuwa nimemwona. Nilimjua kwa koti la baba tu. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani farasi ni aina ya sabuni.

Basi bendera mpya ikapandishwa, na wazungu wa mashamba wakaanza kuuza na kuondoka. Wa baba naye akauza. Siku ya kuagana alimweka baba mbele ya stoo akamwambia achague kitu kimoja kwa miaka yote aliyomtumikia: baiskeli, au tandiko la kupandia farasi. Baiskeli ilikuwa nzuri, na kengele ilikuwa inalia. Nyinyi mngechukua nini? Kila mtu niliyemsimulia habari hii amechukua baiskeli.

Baba akachukua tandiko.

Alikuja nalo kichwani kutoka barabarani, mvua ya rasharasha ikinyesha, amelivaa kama kofia, mikanda yake miwili yenye vikuku vya chuma ikigongana kila upande wa masikio. Watoto walimfuata. Fundi Kariuki, aliyekuwa na kibanda cha useremala pale njia panda na mdomo mkubwa kuliko kibanda, akaacha randa yake akatoka nje.

"Saisi," akaita, "umekuja na tandiko. Farasi amebaki wapi?"

"Yuko njiani," baba akajibu bila kusimama.

"Basi tumkatie nyasi kabisa, asije akakuta tumelala."

Watu walicheka mpaka ng'ambo ya mto. Mama hakucheka. Mama alilitazama lile tandiko likiwa chini kwenye majani ya ndizi, akalizunguka mara moja kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa, akasema, "Baiskeli inabeba kahawa mpaka kiwandani. Inabeba maji. Inabeba mtoto mgonjwa. Baba Wangui, hii inabeba nini?"

"Inabeba kazi," baba akasema.

Ndipo akatueleza. Kule Naro Moru, chini ya mlima, kulikuwa na hoteli iliyotaka kuleta farasi wa kupandisha wageni milimani. Farasi wangefika baada ya mvua kubwa. Bwana wa hoteli alikuwa anatafuta saisi mkuu, na wazee wengi walioachishwa mashambani walikuwa wanaitaka nafasi hiyo. Lakini matandiko ya hoteli yalikuwa machache, kwa hiyo alikuwa amewaambia wote neno moja: njoo siku fulani na tandiko lako, likiwa zima, nitalipima mwenyewe. Lenye kuvunjika, mwenyewe asijisumbue.

Kwa hiyo mjue jambo lilivyokuwa. Hatukuwa na kitu kingine. Hatukuwa na baiskeli wala mshahara. Tulikuwa na tandiko na miezi mitatu ya mvua, na nyumba ya udongo yenye mbuzi wanne, kuku, panya, na moshi.

Jioni hiyo hiyo baba aliniita. Mimi ndiye Wangui, binti yake wa kwanza, nimeitwa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama maisha yake yote, hata aliponichapa. Akaligeuza tandiko juu chini, akachukua mkono wangu akaupitisha kwenye ile mito miwili ya chini, inayolalia mgongo wa farasi, na katikati yake kuna mfereji.

"Mama, sikia. Ndani ya hii ngozi kuna mti. Umepindwa kama mbavu. Ukivunjika hauonekani, lakini farasi atajua siku ya kwanza, na yule bwana atajua kabla ya farasi. Anashika hivi." Akaweka upande wa mbele kwenye paja, akavuta ule wa nyuma kwa mikono miwili. "Ukiwa mzima, unanyamaza. Ukivunjika, unalia kama mlango."

Akavuta. Ukanyamaza. Mimi nikapumua.

Akaniambia kwamba kule shambani matandiko yalikuwa na nyumba yao, kubwa kuliko yetu, yenye sakafu ya mbao, na kila tandiko lilipumzika juu ya mkono wa chuma uliotoka ukutani. Lakini ukuta wetu ukiupigilia mkono kama huo, ukuta wenyewe ungetoka. Kulitundika kwa msumari akakataza kabisa, kwani uzito wote ungekuja sehemu moja na mti ungepinda. Chini pia hapana. Usiku wa kwanza tu mbuzi walikuwa wameshalamba mkanda mmoja ukaisha rangi, maana jasho la farasi lina chumvi, na mbuzi kwa chumvi hana heshima.

Baba alikuwa amepata kibarua cha kuchuna majani chai upande wa Othaya, na alilazimika kwenda. Mama hakutaka kusikia neno tandiko. Ndugu zangu walikuwa wadogo. Akaniwekea mkono begani, miaka kumi niliyokuwa nayo, akasema, "Wewe ndiye utachagua pahali pake. Pasipo na maji, pasipo na meno, na lipumzike vizuri. Mengine unaona mwenyewe."

Wengine wanaachiwa mbuzi au kitoto. Mimi niliachiwa kitu ambacho hata jina la sehemu zake sikulijua, nikatembea siku mbili shingo imenyooka.

Nilienda kwa Fundi Kariuki kwanza, kwa sababu stendi ni kazi ya fundi. Nilimpelekea mkungu wa ndizi. Akanifanyia kitu chenye miguu minne na mbao mbili zilizokutana juu kama paa la nyumba, akakipiga kofi. "Peleka. Hata farasi mwenyewe hana mgongo mzuri hivi."

Ilikuwa kazi safi, sikatai. Lakini nilipolilaza tandiko juu yake, nikainama nikachungulia kwa mbele kama baba alivyonionyesha, nikaona ule mgongo mkali wa mbao umeingia katikati kwenye mfereji, na ile mito miwili inaning'inia tu, haijashika mahali. Lilikuwa limekaa kama mtu aliyekaa juu ya shoka. Nikamrudia Kariuki nikamwambia hivyo hivyo, juu ya shoka. Akaweka randa yake chini.

"Kwani wewe umeshaona farasi?"

"Sijaona."

"Basi hujui mgongo wake."

Na kweli sikujua. Hicho ndicho kilichoniuma njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nachagua kitanda cha mtu nisiyemjua.

Nikaliacha juu ya stendi ya Kariuki kwa muda, nikiwa nimeweka magunia mawili kupunguza ule ukali, na mvua kubwa zikaanza. Mnaojua mvua za kwetu mnajua. Hazipigi, zinakaa. Zinakaa ndani ya nguo, ndani ya chumvi. Siku moja asubuhi nikainua gunia nikakuta tandiko limeota ukungu mweupe kama limepakwa unga. Nikapiga kelele. Mama akaja.

Na hapa nataka kusema jambo la mama yangu, nalisema polepole kwa sababu nilimwonea kwa miaka mingi. Mama alilitazama lile tandiko lililoota, na kwa mara ya kwanza akaligusa. Akalifuta kwa leso yake mwenyewe. Kisha akalibeba, hakuniuliza, akalipeleka jikoni, akalipandisha kwenye dari ya fito iliyo juu ya mafiga, ile tunayoita itara. Mtu asiye wa kwetu hataelewa. Pale juu ya moto ndipo palipokuwa pahali pa heshima kuliko pote. Mbegu ya mahindi ya mwaka ujao ilikaa pale, na kuni kavu za mwanamke aliyejifungua. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza ukungu. Kitu ambacho ukoo hauwezi kuishi bila hicho kilipandishwa pale. Mama aliondoa mbegu zake kando akalipa tandiko nafasi katikati. Nami niliona ni vyema kabisa. Nikalala usingizi mzuri wiki tatu.

Baba alirudi akapanda kulishusha.

Lilikuwa jeusi. Masizi yalikuwa yamedondoka pamoja na mvuke wa sufuria yakagandia kwenye kiti chake, pale mtu anapokaa. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa kama ganda la muhogo, na pembeni, pale ngozi inapokunjika, nyufa ndogo zilikuwa zimeanza. Baba akaliweka kwenye paja akavuta. Ngozi ililia. Akavuta tena taratibu, sikio likiwa karibu. Mti wenyewe ulinyamaza. Bado. Akalilaza magotini akakaa.

Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Alisema tu, "Itara ni ya mbegu, Mama Wangui. Mbegu inataka kukauka. Ngozi haitaki," kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia. Mama akatoka nje kwenye mvua akasimama nyuma ya jiko, na mimi nikaenda mbali zaidi, nikaingia kwa cucu.

Cucu, mama ya baba, alikuwa na nyumba yake ndogo chini ya boma. Lazima niseme kwamba yeye tandiko hakulitaka hata kwa macho. Siku lilipofika alifunga mlango wake, na baba alipomsalimia akasema, "Salimia ukiwa umenawa. Unanuka wale." Tulidhani ni uzee.

Kwenye nyumba ya cucu, pembeni mwa kitanda, kulikuwa na mzinga wa guka, yaani babu yetu, mume wake. Ule mzinga wetu wa zamani, gogo la mviringo lililotobolewa ndani, refu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyuki hawakuwamo tangu guka alipoondoka duniani. Sisi wajukuu tuliukalia. Siku ile nikaingia na machozi yangu, nikaurukia mzinga nikaukalia kama kawaida, mguu huku, mguu kule, nikawa nalia.

Nikalia mpaka nikachoka, nikatazama chini kwenye miguu yangu.

Ilikuwa imeshuka kila upande vizuri kabisa. Hakuna kitu kilichonikata katikati. Nikakumbuka siku niliyomwuliza baba mgongo wa farasi uko vipi, naye, hana farasi wa kunionyesha, akakunja mikono yake mbele ya kifua kama anamkumbatia mtu mnene, akasema, "Uko hivi."

Nilitoka mbio, cucu akiniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikachana ganda kavu la mgomba, nikaenda nyumbani, nikalipitisha chini ya tandiko kutoka mto mmoja hadi mwingine, nikafunga fundo hapa na fundo hapa. Nikarudi mbio. Nikalizungushia mzinga. Fundo la kwanza likakaa. La pili likakaa, na katikati ganda likalala juu ya gogo bila nafasi hata ya kidole. Nikarudia mara tatu, nikidhani najidanganya.

"Wajina," cucu akasema kutoka kitandani, "unanipimia jeneza?"

Basi nikamwambia. Na hapo ndipo nilipokuwa mjinga, maana sikuogopa. Kwa desturi yetu mzinga ni kitu cha wanaume. Mwanamke hapandi kuutega, haushushi, haubebi. Mimi msichana nilikuwa naomba mzinga wa marehemu uwekewe kitu alichokichukia cucu kuliko vitu vyote. Leo nikifikiria ninatokwa na jasho.

Cucu alichomoa ugoro wake, akavuta, akatazama mlango. Mvua ilikuwa inanyesha. Baadaye akasema, "Huyo mtoto wangu, kazi hiyo ataipata kweli?"

"Kama tandiko halitalia."

"Na hapo juu ya mzinga halitalia?"

"Halitalia, cucu."

Akaufunga ugoro wake. Kisha akasema, "Guka yako hakupenda kuona kitu ikikaa bure." Akashuka kitandani, akainama yeye mwenyewe, akashika mzinga upande mmoja. "Shika huko. Nzito ni upande huo."

Tuliubeba wawili, mwanamke mzee na mtoto wa kike, katikati ya boma mchana kweupe, na Fundi Kariuki akipita njiani na mbao zake akasimama mdomo wazi. "Haki ya Mungu," akasema, "wanawake wanahamisha nyuki."

"Nenda ukafunge paa lako," cucu akamwambia.

Baba alipouona mzinga alimtazama mama yake, si mzinga. Sikujua kwa nini. Akaushika kwa mikono miwili akauweka chini polepole. Kisha akafanya kazi ambayo sijapata kuona fundi akiifanya vizuri hivyo. Alikata miguu minne ya mti wa kivuli cha kahawa, akaisimamisha imepanuka ili mbuzi asiangushe, akaulaza mzinga juu, akaufunga kwa ngozi mbichi ambayo ilipokauka ilikaza kama chuma. Hakupiga msumari hata mmoja, kwa sababu msumari unachanua kichwa na kichwa kinakwaruza. Ncha mbili za mzinga aliziacha wazi upepo upite. Akaweka kwenye kona ya nyumba yetu, mbali na moto, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Na mzinga ulikuwa na zawadi nyingine. Alipokuwa akiusafisha ndani, kisu chake kilitoka na nta ya zamani, nyeusi, ngumu kama lami, ya nyuki wa guka. Akaiyeyusha na mafuta ya kondoo kwenye kikopo. Mama ndiye aliyepaka. Hakuna aliyemwambia. Alikaa na lile tandiko magotini siku baada ya siku, kitambaa kwa kidole, akiingiza mafuta kwenye nyufa kama anampaka mtoto mwenye upele, na harufu ikajaa nyumba: asali iliyokufa, kondoo, moshi, na chini kabisa, farasi. Ngozi ilikunywa na kunywa. Siku moja ikakataa kunywa, ikang'aa.

Mwezi uliobaki nililinda. Asubuhi nilifungua mlango upepo uingie, nilifuta kwa kitambaa kikavu, nilifunika kwa shuka kuukuu, si gunia tena, kwa sababu gunia linashika maji. Kuku wetu mwekundu alilipenda mno. Nilimkuta ametaga juu yake, yai limekaa katikati ya kiti kama bwana mkubwa. Nililikaanga nikalila peke yangu, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Siku ya kupimwa ilipofika cucu alisema, "Wajina aende. Ndiye anayejua limelala wapi." Kwa hiyo tulienda, baba na mimi na tandiko, juu ya lori ya viazi, mpaka kwenye baridi ambayo sikujua iko duniani, na mlima umesimama hapo karibu na theluji yake kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Na farasi nikawaona. Niseme ukweli? Niliona ni warefu kupita kiasi na nyuso zao zina huzuni. Lakini nilitazama migongo yao, nikamgusa baba mkono. "Ni mzinga," nikasema. Akacheka bila sauti.

Walikuwako masaisi watatu, baba akiwa wa mwisho. Bwana wa hoteli alikuwa mtu mwembamba mwenye masikio mekundu, aliongea Kiswahili chake cha shambani, kila neno kama anatupa jiwe. Wa kwanza alikuwa ametundika lake kwa msumari mvua zote. Yule bwana hakulivuta hata, alilisimamisha juu ya ukuta wa baraza akalitazama kwa nyuma kwa jicho moja, likaonekana limelala upande kama mtu mwenye kiuno kibovu. "Hii hapana." Wa pili, mzee mpole wa kutoka upande wa Kianyaga, alilitoa lake kwenye blanketi kwa upendo, na mara nilipoona ule weusi na ile ngozi iliyopasuka nikajua bila kuambiwa lilikuwa limekaa wapi. Lilikuwa limekaa pahali pa mbegu. Mke wake alikuwa amelipa nafasi katikati. Yule bwana akavuta, likalia kama mlango, nami nikaona uso wa yule mzee. Nilikuwa mtoto lakini sikuufurahia.

Kisha likaja letu.

Alilinusa kwanza. Akamtazama baba. Akaligeuza, akabonyeza mito kwa dole gumba kila pahali, akaligeuza tena, akaweka mbele kwenye paja, akashika nyuma kwa mikono miwili, na akavuta. Nilifumba macho.

Kimya.

Akavuta tena kwa nguvu mpaka shingo ikawa nyekundu kama masikio. Kimya. Nimesikia vitu vizuri maishani mwangu, nimesikia watoto wangu saba wakilia mara ya kwanza, lakini kimya kama kile sijakisikia tena.

"Nani alitunza hii?" akauliza.

"Huyu," baba akasema, akanisukuma mbele.

"Wewe? Naweka wapi?"

Sikuwa nimewahi kuongea na mzungu, na Kiswahili nilichokuwa nacho kingetosha kiganjani. "Juu ya mzinga ya guka," nikasema.

Akamgeukia baba, baba akamweleza. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akalitazama tandiko, akamtazama farasi aliyekuwa karibu, mgongo wake hasa, akaanza kucheka, si kicheko cha kudharau, kile cha mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima kumbe kiko mfukoni. "Tandika," akamwambia baba.

Baba akalitandika. Likakaa. Akafunga mkanda wa tumboni, akaweka mguu kwenye kikuku, na kabla sijajua alikuwa juu. Mimi baba yangu nilikuwa nimemwona akitembea kwa miguu siku zote. Nilikuwa nimemwona ameinama na mzigo, nimemwona na tandiko kichwani watu wakicheka mpaka ng'ambo ya mto. Sasa ilibidi niinue uso kumtazama, na hata yule bwana aliinua uso. Akazunguka uwanja polepole, akazunguka tena kwa mwendo wa kuruka, mgongo wake umenyooka, na mlima ukiwa nyuma yake. Alipopita mbele yangu akainua kofia. Kwangu mimi. Alikuwa amepata kazi, lakini wacha kazi. Aliinua kofia.

Na yule mzee wa Kianyaga pia alipata, baba alimwombea akawa wa pili wake. Walifanya kazi pamoja mpaka walipozeeka.

Kilichofuata ni cha kuchekesha. Bwana wa hoteli alitaka stendi sita za mzinga kwa matandiko yake, na baba akasema fundi yuko, ni wa kwetu. Kariuki alikaa wiki nzima njia panda akichonga magogo ya mviringo, na kila aliyepita aliuliza, "Fundi, hiyo mizinga yako, nyuki wataingilia wapi?" Mimi nilipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akaniita, akaweka chini shoka lake, akasema, "Njoo unipimie na ile ganda yako, usiniharibie kazi." Nikampimia zote sita. Mbili nilizirudisha.

Ndugu zangu walisoma kwa ile kazi. Mimi sikurudi shule. Sikulalamika sana, lakini nililalamika kidogo.

Sasa, lile la cucu. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, na yeye ameshazikwa, ndipo baba akaniambia. Katika miaka ya hali ya hatari, watu walipotolewa makwao na kupelekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, askari wa mkoloni waliokuja kuwatoa walikuja juu ya farasi. Watu walipewa muda wa kubeba kile mtu anachoweza kubeba mgongoni, na nyumba zikachomwa nyuma yao. Guka alikuwa tayari ameingia msituni na wapiganaji, hakurudi tena. Wanawake wengine walibeba vyungu, walibeba unga. Cucu aliuvaa ule mzinga mgongoni kwa kamba ya kichwani, mzinga ambao mwanamke hatakiwi kuugusa, akapita nao katikati ya wale farasi. Mmoja wao alimkaribia mpaka akasikia pumzi yake shingoni. Ndiyo harufu aliyoijua yeye.

Na mimi nilikuwa nimeingia kwake na ganda la mgomba, kumwomba kitu hicho kimlalie mume wake.

Siku hiyo tulipokuwa tunaubeba kupita bomani, nilidhani ameinama kwa sababu ya uzee. Nilimwambia, "Cucu, pumzika, nitauvuta." Akasema, "Huu? Huu naujua uzito wake." Nikadhani anajisifu tu, kama wazee wanavyojisifu, nikacheka. Sasa ninajua kwamba alikuwa anaubeba mara ya pili, na safari hii alikuwa anachagua mwenyewe pa kuupeleka.

Mzinga bado ninao. Tandiko liliisha zamani, lakini mzinga ninao, umesimama kwa miguu yake minne kwenye kona, na wajukuu wanaukalia, mguu huku, mguu kule. Ile nta niliyotema Gakindu sikuitupa. Nilipofika nyumbani niliipaka juu yake kwa kidole gumba, pole pole, mpaka gogo likakataa kunywa.